Kikombe cha Maji kwa Mgonjwa wa Kiharusi

Ggaba ni mahali pa maji. Kutoka katika ufuko huo wa Ziwa Victoria, kusini-mashariki mwa jiji la Kampala, mitambo imekuwa ikivuta maji, kuyasafisha na kuyapeleka mjini tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Hapo hapo mitumbwi hufika ikiwa na sangara, ngege na mukene, soko huchangamka tangu alfajiri, na mchukuzi aliyetua mzigo huomba maji kabla ya kuomba ujira wake. Mahali kama hapo kumnyima mtu maji ni aibu. Hata hivyo, utafiti wa kitabibu wa miaka zaidi ya 30 umethibitisha kwamba yuko mgonjwa ambaye kikombe cha maji, akipewa kwa haraka na kwa mapenzi, chaweza kumwua. Mgonjwa huyo ni yule aliyepigwa na kiharusi.

Kinachotokea kwa kawaida kinajulikana katika kila mtaa. Mzee, au mama wa makamo, huanguka ghafla penye shughuli zake. Mdomo umekwenda upande, mkono mmoja umelegea, maneno hayatoki. Majirani hukusanyika. Mmoja humwinua kichwa, mwingine huleta maji, wa tatu huleta chai yenye sukari kwa kudhani kwamba mwili umeishiwa nguvu. Pengine atatokea mjuzi mwenye kidonge cha aspirini mfukoni. Kidonge hicho kina hatari mbili. Kiharusi huletwa ama na mshipa wa ubongo ulioziba ama na mshipa uliopasuka, na yule ambaye mshipa wake umepasuka hapaswi kupewa dawa inayozuia damu kuganda. Wala jirani wala daktari hawezi kutofautisha hali hizo mbili kwa hakika bila picha ya ubongo. Hatari ya pili ni ile ile ya maji na chai: mgonjwa huenda hawezi kumeza.

Kumeza ni jambo ambalo mtu mzima hulifanya mara mamia kwa siku bila kulifikiria. Lakini msikilizaji akimeza mate yake sasa hivi, na akaweka kidole juu ya koo, ataona jinsi koo linavyopanda na kushuka. Katika muda usiozidi sekunde moja hivi ulimi husukuma tonge nyuma, njia ya pua hufungwa, pumzi husimama, koo la hewa huinuliwa mbele na kufunikwa na kidakatonge, na mlango wa umio hufunguka ili chakula kishuke tumboni. Misuli zaidi ya 20 hushirikiana katika kazi hiyo, nayo huongozwa na ubongo. Ubongo ukijeruhiwa, mpango huo huvurugika. Maji huteremka kabla mlango wa pumzi haujafungwa, na mgonjwa hupaliwa.

Mtu mzima wa afya akipaliwa hukohoa hata machozi yakamtoka, na kwa kikohozi hicho husalimika. Kwa mgonjwa wa kiharusi mambo huweza kuwa mabaya zaidi, kwa sababu koo lenyewe huenda limekufa ganzi. Maji, uji au mate yenye vijidudu vya kinywani huingia mapafuni bila kikohozi, bila kelele, bila mtu yeyote wa nyumbani kujua. Jamaa hufurahi kwamba mzee amekunywa kikombe kizima. Baada ya siku mbili au tatu homa hupanda, pumzi huwa fupi, na husemwa kwamba kiharusi kimezidi. Mara nyingi kilichozidi si kiharusi. Ni homa ya mapafu.

Ukubwa wa tatizo hili umepimwa. Mwaka 2005 watafiti wa Kanada walikusanya matokeo ya uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa katika nchi mbalimbali. Walipoyalinganisha waliona kwamba kipimo cha juu juu kiliwagundua wagonjwa 37 hadi 45 katika kila 100 kuwa na shida ya kumeza. Wataalamu walipowachunguza kwa makini idadi ilikuwa 51 hadi 55. Na vyombo vya picha vilipotumiwa ilifika 64 hadi 78. Yaani kadiri uchunguzi ulivyokuwa wa makini ndivyo wagonjwa walivyoonekana kuwa wengi. Wenye shida hiyo walipatwa na homa ya mapafu kiasi cha mara tatu kuliko wenzao, na wale ambao chakula kilithibitika kuingia mapafuni mara 11 hivi.

Kwa nini wengine hupoteza uwezo wa kumeza na wengine hawaupotezi, ingawa wote wamepooza upande mmoja? Swali hilo lilijibiwa kwa sehemu kubwa na Shaheen Hamdy na wenzake huko Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1990. Walitumia sumaku iliyowekwa juu ya fuvu kuamsha sehemu za ubongo zinazoongoza koo, na wakaona kwamba pande zote mbili za ubongo hushughulika na kumeza, lakini kwa watu wengi upande mmoja una nguvu kuliko mwingine. Kiharusi kikiangukia upande wenye nguvu, koo hukosa kiongozi. Kisha likaonekana jambo la kutia moyo: wale waliopona koo zao walipona kwa kuwa upande uliobaki mzima ulijifunza kazi na kupanuka. Kwa hiyo kushindwa kumeza siku ya kwanza si hukumu ya maisha. Wengi hupata nafuu katika majuma machache, iwapo hawatauawa na homa ya mapafu kabla ya majuma hayo kupita.

Njia ya kuwalinda haihitaji mashine kubwa. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walieleza kipimo cha maji mililita 90, kiasi kisichofikia nusu ya bilauri. Mgonjwa aliye macho na aliyeketishwa wima hunywa bila kusita, na mpimaji hutazama kama atakohoa, au kama sauti yake itageuka kuwa na unyevu, kana kwamba anazungumza huku koo limejaa maji. Hospitali nyingi siku hizi huanza na vijiko vichache kwanza. Kazi hiyo huweza kufanywa na muuguzi aliyefunzwa, wala haifai kujaribiwa sokoni au nyumbani. Asiyefaulu hapewi kitu kinywani mpaka apimwe tena, na maji ya mwili hupewa kwa mshipa au kwa mpira.

Kwamba utaratibu huo huokoa watu ni jambo lililothibitishwa huko Australia. Katika wodi 19 za kiharusi za jimbo la New South Wales, baadhi ya wauguzi walipewa mafunzo ya kusimamia mambo matatu tu katika siku tatu za kwanza: homa, sukari ya damu, na kumeza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa 42 katika kila 100 katika wodi zenye utaratibu huo, na 58 katika wodi nyingine. Hakukuwa na dawa mpya hata moja. Ni dawa chache za gharama kubwa zinazoweza kujivunia tofauti kama hiyo.

Uganda nayo imo katika utafiti wa maradhi haya. Ilikuwa miongoni mwa nchi 22 za uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, ulioonyesha kwamba mambo 10, na la kwanza likiwa shinikizo la damu, yanahusika na takribani viharusi 9 katika kila 10. Kuhusu kumeza, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mwaka 2008 shahada ya tiba ya usemi, ambayo wahitimu wake hushughulikia pia koo na ulaji. Wataalamu hao bado ni wachache mno kwa nchi nzima. Katika hospitali za umma anayemlisha mgonjwa ni jamaa yake, binti au mke aliyelala juu ya mkeka chini ya kitanda, mwenye chupa ya uji na sufuria ya matoke. Huyo ndiye anayepaswa kuambiwa, na mara nyingi hakuna anayemwambia.

Anayopaswa kuambiwa si mengi. Maji mepesi, chai na mchuzi wa maji maji ndivyo vigumu kuliko vyote kwa wagonjwa wengi, kwani hukimbia koo kabla halijajiandaa. Matoke laini yaliyopondwa vizuri mara nyingi huteremka kwa usalama zaidi, muuguzi akisha kuruhusu. Mgonjwa huketishwa wima, halishwi akiwa amelala au anasinzia. Kijiko kiwe kidogo, na kinachofuata kingoje cha kwanza kimezwe. Chakula aghalabu hubaki shavuni upande uliopooza. Samaki wa Ggaba, pamoja na sifa zake zote, ana miba, na mchuzi wake si wa kuanzia.

Kinywa nacho kisafishwe, hata cha mgonjwa asiyekula chochote. Mate humezwa usiku na mchana, na yenye uchafu hubeba vijidudu hadi mapafuni. Huko Japani watafiti walifuatilia wazee katika nyumba 11 za kutunzia wazee kwa miaka miwili. Miongoni mwa waliopigwa mswaki na wauguzi baada ya kila mlo, asilimia 11 walipata homa ya mapafu. Miongoni mwa wengine, asilimia 19. Mswaki una bei ndogo kuliko sindano moja ya dawa ya kuua vijidudu.

Tumbo pia halisalimiki. Wagonjwa wengi wa kiharusi hufunga choo, kwa kulala tu, kwa kukosa maji, na kwa sababu ubongo na matumbo huwasiliana kwa neva. Wachache hutokwa na damu tumboni. Mwaka 2016 watafiti wa Melbourne walionyesha kwamba panya waliosababishiwa kiharusi walipata mapafuni vijidudu vilivyotoka katika utumbo wao wenyewe, kwa kuwa ukuta wa utumbo ulilegea na kinga ya mwili ikapungua. Mambo hayo ni ya panya, na si haki kuyageuza kuwa ushauri wa dawa kwa binadamu. Wauzao unga wa kusafisha tumbo na kudai kwamba huzuia kiharusi hawana msingi katika utafiti huo.

Jamaa wengi huogopa mpira wa kulishia unaopitishwa puani, wakiuona kama dalili ya mwisho. Utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2005 uliwapa madaktari sababu ya kuutumia mapema, kwani waliolishwa hivyo katika siku za mwanzo walielekea kufa wachache kidogo, ingawa tofauti haikuwa ya kukata shauri. Uliona pia kwamba katika majuma ya kwanza mpira wa puani ulikuwa afadhali kuliko ule unaotobolewa tumboni. Huvaliwa kwa muda. Kila baada ya siku chache muuguzi humketisha mgonjwa, humpa kijiko cha maji na kusikiliza sauti yake. Siku sauti itakapobaki safi, mpira hutolewa, na binti aliyelala juu ya mkeka huruhusiwa kufungua sufuria yake.