Neno "Mama" na Fikira za Umma: Mgomo wa Uhuru Park, 1992

Yadhaniwa mara nyingi kwamba maandamano hugeuza fikira za umma kwa wingi wa watu au kwa ukali wa madai. Mgomo wa akina mama uliofanyika Nairobi mwaka 1992 waonyesha njia nyingine, nayo ni ya lugha.

Hadi wakati huo wafungwa wa kisiasa wa Kenya walijulikana kwa majina ya mahakamani. Baadhi walikuwa wametiwa hatiani kwa uchochezi, wengine wakishtakiwa uhaini. Hayo ni maneno mazito. Ayasikiaye huogopa hata kuuliza. Kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama cha pekee, kilifutwa Desemba 1991, lakini wengi wao wakabaki gerezani.

Tarehe 28 Februari 1992 mama zao, wengi wakiwa wazee wa mashambani, walimwendea Mkuu wa Sheria pamoja na Wangari Maathai kudai watoto wao, kisha wakapiga kambi Uhuru Park na kususia chakula. Hapo ndipo msamiati ulipobadilika. Aliyekuwa mchochezi akawa mwana. Na wahenga walikwisha kusema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hoja ya sheria hujibiwa kwa sheria. Mzazi atajibiwa kwa nini?

Tarehe 3 Machi polisi waliwatawanya kwa marungu na vitoa machozi. Baadhi ya akina mama wakavua nguo. Katika jamii nyingi za Kenya uchi wa mama mbele ya mwanawe ni laana, na askari wale, kwa umri, walikuwa wana wao. Tendo hilo halikuhitaji mfasiri. Akina mama wakahamia kanisa kuu la All Saints, na kufikia mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliodaiwa walikuwa wameachiliwa.

Si haki kulipa neno moja sifa zote: wafadhili walikuwa wamezuia misaada tangu Novemba 1991. Tena neno lenyewe lilikuwa na gharama yake, jambo ambalo wausifuo mgomo huo hawaligusi sana. Mwana ni wa kuhurumiwa. Mtu aliyefungwa kwa ajili ya fikira zake, akiisha kuitwa mwana, husamehewa kama mtoto, na yale aliyoyasema huweza kubaki bila kujadiliwa.