Flasha ya Pikipiki na Simba wa Kitengela

Kila pikipiki ya bodaboda ina kijikopo kidogo ambacho dereva hukikumbuka siku kikiharibika. Ni flasha, ile inayofanya indiketa iwake na kuzimika. Katika flasha za kizamani, umeme hupita kwenye kibati chembamba cha metali mbili zilizounganishwa. Kibati kikipata moto, metali moja hutanuka kuliko mwenzake, kibati kinapinda, umeme unakatika na taa inazimika. Kikipoa kinanyooka na taa inawaka tena. Kazi yote ni ya joto.

Kifaa hicho ndicho Richard Turere, kijana wa Kimaasai wa Kitengela, alichokipeleka kwenye zizi la baba yake akiwa na miaka 11 hivi.

Kitengela iko kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117, iliyoanzishwa mwaka 1946. Upande huo wa kusini hauna ua, ili nyumbu na pundamilia wapite kwenda malishoni Kajiado. Wakipita wao, simba hufuata, na usiku simba hukuta mazizi. Juni 2012 wenyeji wa Kitengela waliua simba sita kwa mara moja baada ya mifugo kushambuliwa. Ni rahisi kuwalaumu ukiwa mbali. Kwa mfugaji, ng'ombe ni karo ya mtoto, ni mahari, ni akiba ya nyumba nzima, na inaweza kutoweka kwa usiku mmoja.

Turere alikuwa mchungaji tangu utotoni, kama ilivyo desturi ya wavulana wa huko. Alianza na moto, akagundua kwamba mwanga wake ulimsaidia simba kuona ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Siku ya kwanza simba waliiona wakarudi. Siku ya pili walijua haisogei, wakaingia. Kisha usiku mmoja alizunguka zizi akiwa na tochi mkononi, na simba hawakuja. Hapo ndipo uvumbuzi wenyewe ulipozaliwa, kabla ya waya wowote kuunganishwa: simba anaogopa mwanga unaotembea, kwa sababu nyuma yake huwa kuna mtu.

Ujuzi wa umeme alikuwa nao tayari. Alishaifungua redio mpya ya mama yake ikawa vipande vipande, na mama, kwa haki kabisa, alikasirika sana. Sasa alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola ya kuichaji mchana, swichi, flasha ya pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, akazipanga balbu zikitazama nje. Zinapowaka kwa zamu, simba hudhani mtu anazunguka, kumbe familia imelala. Majirani wakaomba wawekewe pia, na Februari 2013 Turere alieleza kazi hiyo katika mkutano wa TED huko California.

Anayetaka kuiga mtambo huo nyumbani ajue jambo moja. Balbu ya indiketa ya wati 10 kwenye volti 12 hula karibu ampea 0.8, na joto la mkondo huo ndilo linalopinda kibati. Ukifunga taa ndogo za LED peke yake, mkondo ni mdogo mno, kibati hakipati moto, na taa hubaki zimewaka tu. Umerudi kwenye sanamu isiyosogea. Dawa yake ni flasha ya kielektroniki, au chipu ya 555 aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971, ambayo hupima muda kwa kujaza na kumwaga chaji ya kapasita. Ukibadilisha rezista, umebadilisha mwendo wa kumetameta.

Je, simba hawazoei? Swali hilo ni la haki, na wanasayansi wamelifuata. Francis Lesilau na wenzake walichunguza mazizi yanayoizunguka hifadhi, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo: mazizi yenye taa za kumetameta yalivamiwa mara chache kuliko yasiyo nazo. Lakini mashambulizi ya mchana, mifugo ikiwa malishoni, yaliongezeka. Taa inalinda zizi. Haiwezi kulinda malisho. Matokeo hayo yangepaswa kufika kwa kila mfadhili anayegawa taa na kudhani kazi imekwisha.

Turere mwenyewe hakuishia kwenye flasha. Toleo lake la baadaye lina mipangilio 16 ya kumetameta, ili simba asiukariri mchezo. Na kwa kuwa mawingu huinyima paneli jua, akaongeza chanzo cha pili cha umeme: pangaboi la upepo alilolitengeneza mwenyewe, linaloweza kuichaji betri hata jua likikosekana.