Dalili ya Mvua ni Mawingu. Ya Nzige Je?

Unakumbuka Desemba 2019? Wengi tulikuwa bado kwenye shamrashamra za Krismasi, nzige wa jangwani wakaingia Mandera na Wajir. Kenya haikuwa imeona uvamizi kama huo kwa miaka 70. Kundi la kilomita moja mraba tu linaweza kula kwa siku chakula cha watu 35,000. Hebu fikiria shamba lako la ekari moja!

Lakini nzige hao hawakutokea tu ghafla. Safari yao ilianza 2018, wakati vimbunga Mekunu na Luban vilipomwaga mvua kwenye jangwa la Uarabuni. Mchanga ukalowa, nyasi zikaota, nzige wakazaana. Wakapitia Yemen, Somalia na Ethiopia, na upepo wa kaskazi ukawasukuma hadi kwetu.

Ndiyo maana wataalamu wa ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, na wale wa FAO huangalia mambo matatu:

Mvua. Nzige hutaga kwenye mchanga wenye unyevu, na mayai huanguliwa baada ya kama wiki mbili. Tunutu hawana mabawa, kwa hivyo huu ndio wakati rahisi zaidi wa kuwamaliza.

Joto. Asubuhi kukiwa na baridi nzige hutulia. Jua likipanda, wanaruka.

Upepo. Huwabeba hadi kilomita 150 kwa siku. Ukijua upepo unaelekea wapi, unajua nani yuko hatarini kesho.

Viwavijeshi nao ni hivyo hivyo. Nondo wao husafiri na upepo usiku na kushuka panapopiga mvua kubwa. Baada ya mvua za kwanza, kagua mahindi yako, hasa chini ya majani. Viwavi wakiwa wadogo hutawaona kwa urahisi, na wakikomaa huwa wameshakula.

Sasa, simu yako inaingia wapi?

1. Weka akiba mapema. Tenga pesa kidogo kila wiki kabla ya msimu. Onyo likitoka, unaenda agroveti siku hiyo hiyo bila kukopa kwa haraka.
2. Hakikisha jina. Ukilipia dawa, soma jina la duka kabla ya kuweka PIN, kisha hifadhi ujumbe wa malipo.
3. Chunga matapeli. Ukipata SMS inayosema utalipwa fidia ya nzige ukituma kwanza "ada ya usajili", usitume hata shilingi. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akijiita afisa.
4. Toa ripoti. Ukiona tunutu au viwavi, mwambie chifu au afisa wa kilimo wa wadi yako leo, si kesho.

Upepo hatuwezi kuuzuia. Lakini onyo likifika, dawa inunuliwe siku hiyo, si baada ya mahindi kuliwa.