Vyuma vidogo vya kufungulia kadena: ya kuchagua, ya kutengeneza, na fasi ya kuviacha

Leo tuongee juu ya vile vyuma vidogo vyenye vinaingia mu mufuko na vinaweza kufungua kadena bila ufunguo. Kwa Kifaransa vinaitwa rossignol, jina la ndege mwenye anaimba usiku. Vijana wengi wanaviona kwenye telefone na wanauliza kama vinaweza kutengenezwa hapa Likasi. Ndiyo, vinaweza. Lakini kwanza tuelewe kadena yenyewe.

Ndani yake kuko silinda yenye inazunguka, na juu ya silinda vijiti vya shaba ya manjano, mara nyingi vitatu, vine ao vitano. Kila kijiti kimekatwa vipande viwili, na resori inakisukuma chini. Ufunguo wa kweli unainua kila kimoja mpaka ile fasi ya kukatwa inalingana na ukingo wa silinda, na hapo inazunguka. Wazo ni la zamani sana: Wamisri walifanya vile na mbao, na Wadogon wa Mali wanajulikana kwa kufuli zao za mbao zenye zinafanya kazi vilevile. Linus Yale Mdogo, wa Marekani, alipata hati ya uvumbuzi ya hii silinda ya chuma mu 1861.

Sasa, kiwanda hakiwezi kutoboa matundu yenye yanalingana kabisa. Ukizungusha silinda polepole, kijiti kimoja kinakwama mbele ya wengine. Ukikiinua, unasikia kama kamulio kadogo, na kingine kinakwama. Ni hiyo tu. Ndiyo maana unahitaji vyuma viwili: kimoja chenye kimekunjwa kama herufi L, cha kuzungusha, na kimoja chenye ncha imepinda kidogo, cha kuinua. Mwenye anakuuzia kashe ya vyuma makumi mbili anakuuzia kashe.

Kwa kutengeneza, tafuta ile lama nyembamba ya chuma yenye iko ndani ya esuiglasi ya gari: inapinda na inarudia. Lama ya sii ya kukatia chuma nayo iko muzuri, unene wake ni kama milimetre 0,6, lakini inavunjika haraka. Misumari na waya ya kawaida, apana: inapinda na inabakia vile. Ukisaga ku mashini, tia chuma mu maji kila mara. Kikigeuka buluu, moto umepunguza ugumu wake. Malizia na papye emeri mpaka ncha ilainike, juu ncha ya kukwaruza inakula vijiti.

Mimi naona chuma chenye faida kuliko vyote si kile cha kufungulia, ni kile cha kutosha kipande cha ufunguo wenye kuvunjika: lama nyembamba yenye meno madogo, meno yakiangalia inje. Unaiingiza pembeni ya kipande, unavuta. Na mara nyingi kadena yenye «imekufa» haijafa, ni vumbi ya kiangazi. Usitie mafuta, mafuta inashika vumbi. Kwangua unga wa krayo nyeusi, utie ndani.

Wengine watasema ninafundisha wezi. Hayo mabishano yalishafanywa London mu 1851, wakati Mumarekani Alfred Charles Hobbs alifungua kufuli ya Bramah yenye ilikuwa imewekwa ku dirisha la duka kwa miaka makumi sita hivi na zawadi ya gini 200 kwa mwenye ataiweza. Ilimuomba saa zaidi ya 50. Alisema wezi wanajua tayari. Asiyejua ni mwenye kununua. Kwetu, mwizi hata hana muda wa kuinua vijiti: anakata kadena ao anangoa kile chuma chenye kadena inapita. Kwa hiyo wewe mwenye kulinda depo ya mahindi, angalia ule upinde wa kadena. Kama kuko mukato upande mumoja tu, kipande cha bati kinaweza kuifungua. Kama kuko mikato ya mviringo pande zote mbili, ndani kuko mipira ya chuma, na bati haiwezi. Kisha angalia visi ya mulango: zikionekana inje, kadena ya dola makumi mbili haina kazi.

Kubeba sasa. Kodi penali yetu, ku artikle 81, inapeleka wizi wa kutumia funguo za uongo mpaka miaka 10 ya kifungo. Chuma mu mufuko si wizi, lakini jaribu kueleza polisi tofauti hiyo saa tano ya usiku pale Kikula. Jizoeze nyumbani, na kadena yenye ulinunua wewe mwenyewe, hapana ile yenye inafunga mulango wako, juu inaweza kuharibika. Vyuma vibakie mu tiruware pamoja nayo. Mu mufuko weka kile cha kutosha kipande, na ufunguo wa pili umuachie mama ao jirani mwenye unaamini.