Motakaa Iliyotiwa Mafuta Yasiyo Yake

Watu wengi hudhani ya kuwa mafuta ya motakaa ni mafuta tu, na kwamba gari likisha kutiwa litakwenda, liwe limepewa haya au yale. Dhana hii imekwisha kupoteza fedha nyingi. Lori la chama cha ushirika, gari la zahanati lichukualo wagonjwa, trekta la kukodi: kila moja laweza kuharibika kwa debe moja la mafuta yasiyo yake, na likiharibika, si mwenyewe peke yake apataye hasara, bali na wote waliolitegemea. Kwa hiyo tumeona vema kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, na hasa neno moja ambalo madereva wengi hulijua wakati umekwisha kupita, nalo ni hili: mafuta yasiyofaa yakiwa yametulia ndani ya tangi, bado hayajaidhuru injini. Huanza kudhuru mtu afunguapo swichi.

Injini za motakaa zitumiazo mafuta, aghalabu ni za namna mbili. Namna ya kwanza hutumia petroli, na asili yake ni kazi ya Mjerumani Nikolaus Otto katika mwaka 1876. Ndani ya silinda, hewa na mvuke wa petroli hubanwa pamoja mpaka nafasi yake ibaki kama sehemu ya nane au ya kumi na mbili ya ilivyokuwa. Kisha plagi hutoa cheche, na mvuke ule huwaka. Namna ya pili ni ya dizeli, nayo imepata jina kwa Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ambaye injini yake ilifaulu mwaka 1897. Hii haina plagi ya cheche. Huibana hewa peke yake, tena kwa nguvu zaidi, mpaka hewa ile ipate joto la kupita digrii 500; ndipo dizeli inaponyunyizwa ndani kwa matundu membamba mno, ikawaka yenyewe kwa joto lile.

Labda wasomaji watapenda kujua ya kuwa katika maonyesho makubwa ya Paris, mwaka 1900, injini moja ya namna hii iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alieleza baadaye ya kuwa Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikizifikiria nchi za Afrika zilizokuwa chini yake, ambako karanga zilistawi sana. Lakini injini ile haikuwa ya motakaa, na mtu asijaribu kulitia gari la siku hizi mafuta ya kupikia.

Basi, tazama tofauti ilipo. Petroli imetengenezwa isiwake kwa kubanwa tu, bali ingoje cheche. Dizeli imetengenezwa iwake kwa kubanwa, bila cheche. Sifa ya moja ndiyo ila ya nyingine, wala hazitengani zikichanganyika kama maji na mafuta yatenganavyo. Zikisha kuingiana katika tangi, hakuna kungoja moja ielee juu.

Dizeli ikitiwa katika gari la petroli, hasara huwa ni ndogo kwa kawaida. Injini hutoa moshi mwingi, hukohoa, kisha huzimika. Au hukataa kabisa kuwaka, kwa kuwa plagi zimelowa na kushika masizi. Fundi atalimwaga tangi, atasafisha mirija na plagi, naye mwenye gari atalipa kazi ya siku moja au mbili. Ila asilazimishe gari kwenda hivyo hivyo, maana mafuta yasiyoungua hupita mpaka katika chombo kile cha kusafishia moshi ambacho motakaa nyingi za siku hizi zinacho chini yake, na chombo hicho ni cha thamani kubwa.

Ni petroli katika gari la dizeli iletayo msiba. Sababu yake si huko kuwaka vibaya tu. Dizeli ina kazi mbili: ndiyo chakula cha injini, tena ndiyo inayolainisha pampu ya mafuta, kwa sababu ina utelezi. Petroli haina utelezi huo. Ni kavu, na huosha ule uliokuwapo. Katika motakaa mpya pampu hii husukuma mafuta kwa nguvu ipitayo mara 1,000 ya nguvu ya hewa tuivutayo, na katika nyingine hufika mara 2,000. Nafasi iliyo kati ya chuma na chuma ndani yake ni nyembamba kuliko unywele. Ikikosa utelezi, chuma husaga chuma. Unga wa chuma hutoka hapo ukafuata mirija mpaka katika nozo, ukaziharibu; na mengine yanayorudi katika tangi huurudisha unga ule tena. Hapo fundi hana la kufanya ila kubadili pampu, nozo na mirija yote, na gharama yake huweza kupita bei ya gari lenyewe likiwa kuukuu.

Wazee waliokuwa madereva zamani husikika wakisema ya kuwa wao walichanganya petroli kidogo na dizeli, na gari likaenda. Hawasemi uwongo. Zamani katika nchi za baridi kali, hata watengenezaji wengine wa motakaa waliruhusu hivyo, dizeli isigande. Lakini zile zilikuwa injini za namna nyingine, zenye pampu za nguvu ndogo zaidi. Ushauri ulioifaa lori ya mwaka 1970 utaiua motakaa ya leo.

Sasa tuseme kosa limekwisha kutendeka, na dereva ametambua pale pale penye pampu. Asiwashe injini. Tena asifungue hata swichi ili asogeze gari au asikilize redio, kwa kuwa katika motakaa nyingi pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi huanza kazi mara swichi ifunguliwapo, ikapeleka mafuta mbele. Na ikiwa gari haliwezi kusukumwa mpaka swichi ifunguliwe, basi lingoje fundi pale lilipo. Likiwa laweza, gia iwekwe huru, watu wasukume mpaka kando. Akiona haya mbele ya watu wanaongoja nyuma yake, na avumilie. Haya hiyo ni ya nusu saa.

Ikiwa ametambua njiani, gari likigonga na kukosa nguvu, asimame mara moja, azime, wala asijipe moyo ya kuwa mji ni karibu. Kuongeza dizeli juu ili kuizimua petroli si dawa. Dawa ni kumwaga tangi lote, kubadili chujio la mafuta, kuosha mirija kwa dizeli safi, na kutoa hewa iliyoingia kabla ya kuwasha.

Katika kumwaga huko ndiko watu hupata madhara ya mwili, na hapa nawaomba waalimu wawaeleze vijana. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautapanda juu ukatoweka, bali hutambaa chini mpaka ufike penye jiko la jirani, kisha moto hurudi kwa njia ile ile. Kwa hiyo kazi hii ifanywe mahali pa wazi, mchana, pasipo sigara wala taa ya moto, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Maji hayazimi petroli iwakayo, huitawanya. Wala mtu asivute petroli kwa mdomo na mpira, kama ilivyo desturi ya wengi. Kiasi kidogo tu kikiingia mapafuni huweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, apelekwe hospitali.

Mtu atauliza, kosa hili hutokeaje? Katika vituo vikubwa mdomo wa mpira wa dizeli kwa kawaida ni mnene, hauingii katika tundu la gari la petroli. Tundu hilo lilifanywa jembamba huko Marekani katika miaka ya 1970, ili petroli yenye risasi isiingie katika magari yasiyoitaka. (Petroli hiyo ya risasi ilikomeshwa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara mwanzo wa mwaka 2006.) Lakini mdomo mwembamba wa petroli huingia kwa urahisi katika tundu la dizeli, ndiyo maana kosa lenye hasara kubwa ndilo lililo rahisi kutendeka. Na huku kwetu, penye madebe, mapipa na chupa kando ya njia, hakuna mdomo wala tundu la kumzuia mtu. Inafaa chombo cha dizeli kisitumiwe kamwe kwa petroli, na jina liandikwe kwa rangi juu ya chombo na juu ya kifuniko cha tangi.

Kuna na kosa lisilo kosa, yaani udanganyifu wa wauzaji wachanganyao dizeli na mafuta ya taa. Gari litakwenda, lakini utelezi hupungua, na pampu huchakaa kabla ya siku zake. Ili faida ya kuchanganya ipungue, Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya mwaka 2018.

Limebaki swali la yale mafuta yaliyomwagwa. Yasitupwe karibu na kisima au mto. Tena yasipelekwe nyumbani kuwa mafuta ya taa, wala yasiuzwe dukani. Mafuta ya taa yaliyo safi hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yapate joto la digrii 38 au zaidi. Petroli huutoa hata katika baridi ya digrii 40 chini ya barafu. Petroli kidogo ikiwamo, tumbo la taa hujaa mvuke, na taa hupasuka mbele ya mtoto anayesoma. Mwenye shaka juu ya debe asilolijua aweza kudondosha tone moja juu ya karatasi, mbali na moto: petroli itakauka isiache alama, dizeli itaacha doa la mafuta. Lakini karatasi haiwezi kufichua petroli kidogo iliyokwisha kuchanganyika. Debe la namna hiyo apewe fundi, au mwenye kituo aliye na pipa la kuwekea mafuta machafu.