Mbwa ya kuwinda ikianza kuuma watu wa nyumba

Simbiliki wakiingia katika muhogo, ao nguruwe ya pori ikifika usiku, mbwa ndiyo inaokoa mavuno yetu. Ndiyo maana ikianza kuuma mutoto wa jirani ao kuua mbuzi, shauri inakuwa nguvu: mwenyewe hataki kuipoteza, jirani anataka iuawe leo leo.

Ndugu wanamemba, mbele ya kushika fimbo mujiulize: ukali huu ulianza lini?

Kama uliongezeka polepole, mara nyingi sisi wenyewe ndio tuliufundisha. Wengine wanatia mbwa pilipili puani ili iwe kali. Pilipili inaleta maumivu tu, na mbwa ya kuwinda isiyosikia harufu, utaifanyia nini? Wengine wanainyima chakula mbele ya kwenda pori. Lakini mbwa yenye njaa inagombania sahani na kila mutu anayepita karibu, na mutoto ndiye anapita karibu zaidi. Ulishe mbwa yako kila siku, mbali na watoto, kila moja na sahani yake. Mukirudi na nyama, mugawe matumbo kwa mkono, musiyatupe chini zigombane. Na usiifunge kamba fupi kutwa nzima katika jua.

Fimbo nayo inadanganya. Mbwa inayonguruma inakupa habari. Ukiipiga juu ya kunguruma, itajifunza kunyamaza, lakini kuuma haitaacha: siku ingine itauma bila kuonya. Tena mbwa zetu za pori, zile Wazungu wanaita basenji, hazibweki sana. Ndiyo sababu wawindaji wanazifunga kengele ya mti shingoni. Kwa hizo, usingojee sauti. Angalia mwili unavyokakamaa na macho yanavyokaza.

Ukiwa na kitoto cha mbwa, kizoeze watoto, mbuzi na kuku mbele ya kutimiza miezi mitatu. Kufundisha mbwa kubwa inawezekana, lakini ni kazi ya jasho.

Sasa, kama mbwa ilibadilika ghafula, hiyo ni shauri ingine. Mbwa ya pole inauma hata miti, ao mbwa kali inakuwa pole kupita kiasi; mate inatoka, kumeza inashindikana, miguu inalegea. Inaweza kuwa raji, kichaa cha mbwa. Hapa wawindaji wengi wanakosea: wanafikiri mfupa umekwama kooni, wanatia mkono katika kinywa. Usitie mkono! Ugonjwa uko katika mate.

Mutu akiumwa, hata kidonda kikiwa kidogo, muoshe na maji mengi na sabuni dakika 15, halafu mupeleke kituo cha afya siku ile ile kwa chanjo. Dalili zikishaanza kwa mutu, dawa ya kumuponya hakuna. Kama mbwa inaonekana muzima, musiiue haraka: muifungie siku 10, mwenyewe aiangalie kila siku. Ikigonjwa ao ikikufa, muite veterineri upesi, na nyama yake isiliwe.

Mbwa inapewa chanjo ikiwa na miezi mitatu, na kisha kila mwaka. Chupa ya chanjo inatunzwa katika baridi, na mara nyingi inatosha mbwa kadhaa. Veterineri hawezi kuifungua juu ya mbwa moja. Kwa hiyo muandikishe mbwa zenu zote kwa sekretere wa koperative, ndipo muombe veterineri siku moja. Na kila mwenyewe aje na kamba, na afunge mbwa yake kinywa yeye mwenyewe, juu inamujua.