Alama Ndizo Sauti ya Mhusika

Katika hadithi, matatu imepita Kangemi kwenye barabara ya Waiyaki Way, na makanga anamgeukia abiria: "Unashuka Mountain View." Hiyo ni taarifa. Ondoa nukta, uweke kiulizi: "Unashuka Mountain View?" Sasa ni swali, na hakuna neno lililobadilika. Kiswahili hakilazimishi swali lianze na "je". Aghalabu tunauliza kwa kupandisha sauti tu. Kwenye karatasi, kiulizi ndicho kinachopandisha sauti hiyo.

Koma nayo ina uzito wake. "Nimemwona mwalimu" maana yake aliyeonekana ni mwalimu. "Nimemwona, mwalimu" maana yake mwalimu ndiye anayeambiwa, na aliyeonekana ni mtu mwingine. Kitenzi ni kilekile. Koma ndiyo inayotuamulia. Kwa hiyo mhusika akimwita mtu, awe mama, bwana au dada, mtenge kwa koma.

Usemi ukifuatwa na maneno ya msimulizi, koma hutangulia kufunga alama za mtajo: "Nashuka hapa," abiria alisema. Kiulizi hakihitaji koma: "Ni hapa?" aliuliza. Lakini kitendo si usemi, hivyo hutengwa kwa nukta na herufi kubwa: "Shika chenji yako." Makanga aligonga mlango. Msemaji akibadilika, anza aya mpya.

Tofautisha pia kusita na kukatizwa. Dukuduku huonyesha sauti inayofifia: "Nilidhani..." Kistari kirefu huonyesha aliyekatwa kauli:

"Nilidhani—"

"Hukudhani lolote!"

Alama moja ya mshangao inatosha. Hasira ikihitaji tatu, maneno yenyewe ni dhaifu, yaandike upya.

Tenzi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zilikuwa na vina na mizani vya kumwongoza msomaji apumue wapi. Riwaya, tangu *Uhuru wa Watumwa* ya James Mbotela ya mwaka 1934, haina msaada huo. Mwandishi wa nathari hana budi kuuweka mwenyewe.

Basi kabla ya kupeleka mswada kwa mchapishaji, mpe mtu ambaye hajauona ausome kwa sauti. Wewe unajua tayari mhusika alivyosema, kwa hiyo sikio lako litaziba mapengo. Yeye ana alama zako tu. Akisoma swali kama taarifa, usimsahihishe: sahihisha ukurasa.